Kompyuta kuukuu yenye siri za chama

Mama mmoja jirani yetu, katibu mstaafu, nusura akosane na kifungua mimba wake. Kijana alikuwa amemnunulia kipakatalishi kipya na, kwa nia njema, akamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu aje kuchukua kompyuta ya kale iliyokaa miaka na mikaka kwenye kona ya sebule, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Mwanangu," mama akamwambia, "michango ya chama chetu cha ploti tangu 1994 imo humo. Ukiiuza, nani atathibitisha aliyelipa na asiyelipa?"

Hakuwa akitania. Mwanachama mmoja alikuwa ameaga dunia na watoto wake wanadai hisa nzima ya mama yao. Risiti zilinyeshewa zamani.

Mashine yenyewe, mpenzi msomaji, ni ya enzi ya DOS, haijui intaneti. Mama bado huichapia kumbukumbu za mikutano kwa WordPerfect 5.1, programu iliyotolewa mwaka wa 1989. Skrini ni ya samawati, herufi nyeupe, na vidole vyake havijasahau kwamba F10 ni kuhifadhi, Shift pamoja na F7 ni kuchapisha. Kijana hucheka. Lakini hata George R. R. Martin, mwandishi Mmarekani wa hadithi za Game of Thrones, alisema kwenye televisheni mwaka wa 2014 kwamba huandika kwa WordStar 4.0 kwenye mashine ya DOS isiyounganishwa na intaneti. Virusi vitapitia wapi?

Basi mashine ikawashwa ili mzozo wa hisa umalizwe. Ikagoma! Ilidai haina diski. Kijana akasema imekufa.

Kumbe ni betri. Kompyuta za miaka hiyo hutegemea betri ndogo kukumbuka tarehe na vipimo vya diski. Betri ikiisha mashine husahau, ingawa maandishi yangali salama kwenye diski. Fundi alipofungua alikuta betri iliyochomelewa kwenye bodi imeanza kuvuja maji makali, yale yanayokula njia za shaba hadi bodi ife. Akaikata, akasafisha, akafunga nyingine kwa waya, mbali na bodi. Kisha akasoma idadi ya silinda, vichwa na sekta kwenye kibandiko cha diski, akaziingiza upya. Mama amezinakili nambari hizo kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko. (Skrini nene ya zamani, tafadhali, usiifungue mwenyewe. Hubaki na umeme wa kuua hata ikiwa imezimwa.)

Jioni hiyo hiyo kijana, sasa akiwa mpole, alihamisha kazi yote kwa disketi za 1.44MB hadi kwenye kipakatalishi, akitumia kisomaji cha disketi cha kuchomeka. LibreOffice, programu isiyolipiwa, ilizifungua faili za WordPerfect, nayo DOSBox ikaendesha WordPerfect yenyewe. Alifanya vyema kuharakisha, maana disketi huota ukungu, na Sony iliacha kuziuza mwaka wa 2011.

Ukurasa wa marehemu ulipatikana. Alilipa kila mwezi hadi Agosti 1998, kisha akaacha. Printa ya utepe ikautoa kwa kelele zake, na wanachama wamepanga kuketi na watoto hao Jumamosi ijayo.