Goma: gari linalovuma lisipakie watu

Kwenye barabara ya Goma–Sake, kuna mashofere wanaoongeza sauti ya muziki ili abiria wasisikie gurudumu linavyovuma. Hiyo si dawa. Mvumo unaopanda pamoja na mwendo, usiokoma hata gia ikitolewa, mara nyingi ni beringi imekwisha. Ukizidi gari likikata kushoto, gurudumu la kuume lichunguzwe kwanza, maana ndilo linabeba uzito. Tairi mbovu nayo huvuma, kwa hiyo fundi apandishe gari kwa jeki, atikise gurudumu juu na chini, kisha alizungushe kwa mkono. Likicheza au likikwaruza, beringi ibadilishwe. Kujaza grisi kwenye beringi iliyolika kunaficha kelele siku chache tu.

Lawama ya kwanza ni ya mwenye gari. Shofere akimwambia gari linavuma, anajibiwa alete kwanza pesa ya siku. Na ndani ya gari hilo kuna familia za wakimbizi wa ndani zinazorudi vijijini, watoto magotini, magodoro na masufuria juu. Gurudumu likichomoka, yeye yuko nyumbani. Abiria akisikia mvumo aseme, arudishiwe nauli yake, ashuke.