Mashine za Usingizi Zinapigania Soko, Makupa Bado Twasema ni Kukoroma Tu

Barazani petu hapa Makupa kuna mzee ambaye kusinzia kwake kumekuwa mzaha wa mtaa. Kahawa haijapoa, keshakoroma. Ijumaa khutba haifiki katikati, kidevu kishaangukia kifuani. Vijana hucheka. Mkewe hacheki. Yeye ndiye anayekaa macho usiku: mume akoroma, ghafla kimya, kimya chenyewe kirefu mpaka amtikise, kisha mzee ashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini.

Hayo si uzee, ni maradhi. Usingizini koo hulegea na kuziba, pumzi ikakatika, na kwa aliyezidiwa hutokea mara 30 au zaidi kwa saa moja. Madaktari huyaita apnea ya usingizi, na huandamana sana na presha. Makadirio yaliyochapishwa 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine yalisema watu wazima karibu milioni 936 duniani, wa miaka 30 hadi 69, wanayo. Soko la ukubwa huo haliwezi kukosa vita.

Na vita vipo. Colin Sullivan, daktari wa Sydney, alionyesha 1981 kwamba hewa ikisukumwa puani usiku kucha koo halizibi. Ndiyo mashine ya CPAP, na kwa miaka mingi ResMed na Philips ndio waliokuwa vigogo wa biashara hiyo. Juni 2021 Philips ikatangaza kuzirudisha mamilioni ya mashine zake, kwani sponji ya kupunguza kelele ndani yake ilikuwa ikimomonyoka na chembe zake zingeweza kuvutwa na mgonjwa. Mwaka 2024 ikasitisha kuuza mpya Marekani na kukubali kulipa dola bilioni 1.1 kumaliza kesi za waliodai kudhurika. Pembeni kuna Inspire, kifaa kinachopachikwa kifuani kwa upasuaji ili kiusisimue mshipa wa fahamu wa ulimi; Marekani iliiruhusu 2014. Desemba 2024 ikaruhusu na sindano, Zepbound, kwa wanene wenye maradhi haya.

Sasa yalete Makupa. CPAP huuzwa makumi ya maelfu ya shilingi, nyingine hupita laki. Yataka stima usiku kucha, nasi twajua stima yetu. Yataka barakoa na chujio vibadilishwe. Namjua mmoja aliyeletewa yake na mwanawe kutoka Dubai. Barakoa ilipopasuka hakujua pa kupata nyingine, na mashine sasa iko juu ya kabati, imekaliwa na nguo za Idi.

Hilo la kabati serikali yetu pia yalijua. Mwaka 2015 ilikodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti zote, hospitali mbili kila kaunti, kwa mkataba wa shilingi bilioni 38. Malipo ya kila kaunti yakapanda kutoka milioni 95 kwa mwaka hadi milioni 200. Seneti ilipochunguza 2020, ilibainika kuna mashine zilizokaa bure, huku hakuna mtaalamu, kule hakuna stima wala chumba cha kuziweka. Mashine ilitangulia, mgonjwa akafikiriwa baadaye.

Ndiyo maana swali la CPAP gani bora, au sindano ama upasuaji, kwangu si la kwanza. La kwanza ni nani mgonjwa. Hospitali Kuu ya Pwani si mbali nasi, na kliniki za presha na sukari hujaa. Muuguzi aulize matatu: wakoroma? Kuna aliyeona pumzi zikikatika? Wasinzia mchana? Futi ya fundi cherehani yatosha kupimia shingo. Vile vipimo vya kidole tulivyovizoea wakati wa Korona, vikiwa vya kurekodi usiku kucha, havimalizi uchunguzi lakini huonyesha nani atangulizwe. Baadaye kuna kifaa cha mdomoni kinachotengenezwa na daktari wa meno, kinachovuta taya la chini mbele. Hakitaki stima, na wengi wenye maradhi mepesi chawafaa. CPAP waachiwe waliozidiwa, kwa kuazimwa na hospitali yenye barakoa za akiba. Na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ituambie waziwazi italipa kipi katika haya.

Mwenye kuona haya ni anasa ya matajiri asimame barabarani usiku atazame malori yakivuka kwenda Changamwe na safari ya bara. Mzee wetu akisinzia humwaga kahawa. Dereva je?

Nimemwambia mkewe mwezi huu amfuate kliniki ya presha na aingie naye kwa daktari. Mzee akiulizwa peke yake atasema yeye hulala vizuri.