Kitabu cha Majini



Likizo iliyopita hapa Kiloleli lilinipata jambo. Nilimwazima kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza kitabu changu, Adili na Nduguze. Siku ya tatu baba yake akaniita. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, kitabu hiki ni cha majini, na ndani yake mtu hupiga manyani mijeledi kila usiku. Chamfaa mtoto kweli?" Akakifungia sandukuni mwake, na mpaka leo kimo humo.

Mzee hakukosea kuuliza. Hata Wizara ya Elimu ilikataza vitabu kadhaa mashuleni Februari, 2023, na mzazi asiyetazama mwanawe anasoma nini hana sifa kwangu. Lakini naona hukumu yake imekuja mapema.

Marehemu Shaaban Robert alikitoa kitabu hicho mwaka 1952. Ni kweli mna majini humo, na mna mji ambao watu wake waligeuka mawe. Adili alitoswa baharini na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, ambao yeye mwenyewe aliwafadhili. Jini Huria akamwokoa, akawageuza nduguze manyani, akamwamuru awapige kila usiku. Asipowapiga, atapigwa yeye. Hapo ni pagumu, sikatai. Nilipomsomea mdogo wangu sehemu hiyo alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kwa nini Adili huwalisha na kuwabembeleza akiisha kuwapiga. Tulizungumza mpaka mama akatuamuru tuzime taa.

Tena, nani katika sisi Wasukuma hakusimuliwa habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na ng'ombe wao, akabaki mwanamke mmoja mwenye mimba aliyejificha, hata akazaliwa Masala Kulangwa akalipasua tumbo? Tulisimuliwa usiku, tungali wadogo sana, na asubuhi tulikwenda kuchunga kama kawaida. Sikumbuki mzee aliyeifungia hadithi hiyo sandukuni.

Ninaloliogopa mimi ni lingine. Katika mikoa yetu hii vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, nayo ni mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Basi nikishika kitabu cha miujiza kilichoandikwa kwa ajili ya vijana, swali langu la kwanza ni hili: kinamfundisha msomaji amwogope nani? Kikimwonyesha bibi mzee, mkaa peke yake, kuwa ndiye chanzo cha kila msiba, nitakifungia mwenyewe, hata kama hakina tone la damu na picha zake ni za rangi nzuri. Katika Adili ubaya haukutoka kwa kikongwe. Watoka kwa wanaume wawili wenye nguvu zao, waliosaidiwa na ndugu yao wakamwonea kijicho. Mwandishi hata majina aliwapa ya kututosha.

Sanduku ni la mzee, nami sina ruhusa ya kugombana naye. Ila najua alikomea penye mijeledi, maana karatasi niliyoitia kuwa alama niliiona ikichungulia pale pale. Namwomba akisome mpaka manyani warudi kuwa watu. Akiisha, kama bado aona hakifai, nitakwenda kukichukua na sitasema neno.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu