Mlingoti wa Jirani Hautoshi

Ndugu Wanachama,

Wako wasemao kwamba milingoti mirefu ya redio ni mambo ya kale, kwani siku hizi kila mtu ana simu mfukoni. Mimi naomba tusiwe na haraka ya kuiaga.

Tumtazame mkulima wa michikichi wa Simbo, huko Kigoma. Naye, kama sisi, aishi kwa zao la mti. Zaidi ya kilomita 300 kaskazini yake, mjini Kigali, Deutsche Welle ya Wajerumani ilifungua stesheni mwaka 1965, ikawa na mitambo ya kilowati 250. Mawimbi mafupi hupanda juu angani, yakarudi chini mbali sana, hata Kiswahili chao kikasikika bara na visiwani. Mwezi wa Machi 2015 wenyewe wakaifunga. Hawakumdhulumu mtu, mali ni yao na hesabu ni zao. Lakini mkulima wa Simbo hakuulizwa.

Redio za FM ni njema, ila mawimbi yake huenda kama jicho: kilima huyazuia. Mawimbi ya kati hutambaa juu ya nchi na bahari. Wimbi la kilohezi 600 lina urefu wa mita 500, na mlingoti wake aghalabu huwa robo ya hapo, yaani mita 125. Ndiyo sababu ya urefu ule, wala si fakhari.

Sisi tulipata sauti yetu mwaka 1951, ilipoanza Sauti ya Unguja. Nani asiyejua hasara ya mvua kuzikuta karafuu majamvini? Khabari ikifika mapema, karafuu huanuliwa; ikichelewa, jasho la wachumaji limepotea. Na simu isiyo na chaji wala salio haimwambii mtu kitu.

Basi nauletea mkutano mkuu mashauri matatu. Tuiombe Serikali iitunze mitambo ya mawimbi ya kati na mafupi. Wakati wa mavuno, khabari za hewa na bei zisomwe kwa saa maalumu. Na kila tawi liwe na redio moja ya betri.

Wazee walisema, mtegemea cha ndugu hufa maskini. Je, mtegemea cha mgeni?

Wabillahi tawfiq.

Katibu