Msimwachie Dereva Lawama Yote

Trela likipinduka barabarani kati ya Lanet na Salgaa, huku Nakuru, hukumu hutolewa kabla majeruhi hawajafika hospitalini. Dereva alisinzia. Dereva alikuwa mlevi. Dereva aliondoa gia kwenye mteremko ili abane mafuta akayauze. Jioni, kituoni Maili Kumi na ndani ya matatu zinazopanda Bahati kuelekea Nyahururu, kesi imekwisha. Mwenye trela hatajwi hata jina.

Imani kwamba dereva peke yake ndiye mkosaji inaua watu. Dereva aliyekunywa pombe ashtakiwe, wala hakuna wa kumtetea. Lakini nani alimtuma kutoka Mombasa hadi Malaba bila dereva wa kumpokea usukani? Nani alikagua breki? Kampuni inayopima kila lita ya mafuta na isiyojali saa za usingizi imeshamwonyesha dereva inachokithamini.

Wenye meli walilazimishwa kulielewa jambo hili zamani. Tarehe 6 Machi 1987, feri ya Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya mbele ikiwa wazi. Maji yakaingia, ikapinduka, wakafa watu 193. Baharia aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala chumbani mwake, na hapo ndipo mazungumzo ya Maili Kumi yangeishia. Jaji Sheen, aliyeongoza uchunguzi, hakuishia hapo. Aligundua kwamba manahodha wa kampuni iliyomiliki feri hiyo walikuwa wameomba taa za kumwonyesha nahodha kama milango imefungwa, na wakubwa ofisini wakapuuza. Baada ya msiba, taa hizo zilifungwa kwenye feri zilizobaki ndani ya siku chache tu. Jaji akasema uzembe ulikuwa umeenea katika kampuni nzima, kuanzia juu hadi chini.

Kutokana na msiba huo na mingine, Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mwaka 1993 kanuni za usimamizi wa usalama, zikaanza kuwa lazima mwaka 1998 kwa meli za abiria na za mafuta za safari za kimataifa. Kampuni inatakiwa kumteua mtu wa nchi kavu anayeiunganisha kampuni na mabaharia na mwenye njia ya moja kwa moja hadi kwa uongozi wa juu kabisa. Hapo bosi hawezi tena kusema hakuambiwa.

Pale ambapo nidhamu hiyo haipo, matokeo yanajulikana. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Viktoria, tarehe 20 Septemba 2018. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Rais wa Tanzania wakati huo, John Magufuli, alisema nahodha hakuwamo, usukani akiwa ameachiwa mtu asiye na mafunzo. Ni kosa zito. Hata hivyo, nahodha mtoro hawezi peke yake kujaza kivuko zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Kuna waliokata tiketi, na kuna waliopaswa kukizuia kisiondoke.

Huku kwetu, basi na lori viligongana Migaa alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 wakafa. Serikali ikapiga marufuku usafiri wa abiria usiku, kisha ukuta wa zege ukajengwa kutenganisha njia. Ukuta ni kazi njema. Lakini haukagui breki, wala haumlazi dereva aliyechoka.

Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) na Bunge wailazimishe kila kampuni ya malori kumtaja mkubwa mmoja anayewajibika kwa usalama, kuweka rekodi ya saa za madereva na ya matengenezo, na mkubwa huyo afikishwe mahakamani rekodi zikikosekana. Nanyi wakazi wa Bahati, trela likipinduka tena, ulizeni kwanza ni la kampuni gani.