Lile Beseni la Langoni Lina Dawa?

Mfugaji wa nguruwe, ukisikia nguruwe wa jirani wanakufa ghafla, usiende kuwaangalia. Pole zako zitume kwa simu. Homa ya nguruwe ya Afrika husafiri kwa mabuti, matairi ya pikipiki na kile kipande cha nyama ambacho kijana wako atapewa akachemshe supu.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1921, baada ya kuua nguruwe wa walowezi Kenya. Ngiri huishi na virusi vyake bila kuugua, na papasi huvihifadhi. Nguruwe wa bandani hufa karibu wote. Binadamu haambukizwi, na hapo ndipo penye mtego: mla kitimoto hadhuriki, basi nyama ya nguruwe mgonjwa hupita sokoni bila mtu kushtuka, na mabaki yake hurudi bandani kama makombo ya hotelini. Hata kuigandisha hakuviui virusi. Kama huna budi kulisha makombo, yachemshe yatokote nusu saa nzima huku ukiyakoroga.

Kosa linaloniudhi zaidi ni la sindano. Nguruwe wawili wanapata homa, wanaacha kula, masikio yanaiva wekundu. Mwenye banda anakimbilia antibiotiki na kuchoma banda zima kwa sindano moja. Antibiotiki haiui virusi. Sindano yenye damu ndiyo inayovigawa.

Wenye mashamba makubwa msijidanganye kwa uzio. Siku ya kufungua shamba beseni la kukanyagia hujaa dawa. Miezi mitatu baadaye limekauka, au ni tope tupu. Dawa haifanyi kazi juu ya kinyesi, kwa hiyo buti lisuguliwe kwanza kwa maji na sabuni. Nani hubadilisha dawa hiyo, na siku gani? Jina lake liwe kwenye daftari. Kila wiki meneja atembee njia anayopita mleta pumba, kuanzia langoni hadi bandani, akitafuta mahali virusi vingepenya siku hiyo. Akiona ufa, uzibwe kabla pumba nyingine hazijaletwa.

Nguruwe mpya mtenge mwezi mzima, maana anaweza kukaa hadi siku 19 akila na kuchangamka ilhali ameshaambukizwa. Dume la kuazima liache huko huko liliko.

Vifo vikianza, funga lango na mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo. Usichinje, usiuze, usitupe mizoga mtoni. Izikwe kwa kina, mbwa wasiifukue. Dalali atakuja haraka na bei ya kutupa. Lori lake limepita mabanda mangapi wiki hii? Lisiingie.