Usiache Mbachao: Uchapaji wa Chuma Haujaondoa Kerezo

Miongoni mwa mambo yanayowavutia vijana wetu siku hizi ni mashine inayochapa vipuri vya chuma. Mashine hiyo hutandaza unga wa chuma, leza ikauyeyusha mahali panapotakiwa, kisha unga mwingine ukatandazwa juu yake. Kila tabaka huwa na unene wa sehemu chache tu za mia za milimita. Kutokana na maajabu hayo umezuka usemi kwamba kerezo, kekee na tupa vimepitwa na wakati. Usemi huo unapotosha, na yafaa usahihishwe kabla haujaota mizizi madarasani.

Mwanafunzi wa Kasikeu, katika Kaunti ya Makueni, hahitaji kusafiri mbali ili aujue ukweli. Mhimili wa mashine ya kusaga mahindi unapolika pale unapokaa kwenye beringi, fundi wa jua kali huujaza chuma kwa kuchomelea, mstari juu ya mstari. Hata hivyo, hakuna fundi timamu atakayeurudisha mhimili huo mashinani ukiwa na matuta yake. Sharti kwanza ukerezwe hadi utimize kipimo.

Kipuri kilichochapwa kwa leza nacho hakiepuki sheria hiyo. Hutoka kikiwa na uso wa kukwaruza, kikiwa kimeshikamana na bamba lililokibeba pamoja na nguzo zilizokitegemeza. Tena, kwa kuwa chuma kiliyeyuka na kupoa upesi mara maelfu, ndani yake mna mivutano iliyofungika. Kikikatwa kutoka kwenye bamba kabla ya kupashwa moto tanurini ili mivutano hiyo ilegee, huweza kupinda. Baada ya hapo, matundu ya skrubu, mahali pa beringi na nyuso zinazokutana na vipuri vingine huhitaji kukatwa kwa mashine hadi vipimo vitimie.

Kazi hiyo ina ugumu wake. Kipuri chenye kuta nyembamba na umbo la kupindapinda hakishikiki kwa urahisi kwenye jiliwa, na hutetemeka kinapokatwa. Kwa sababu hiyo mchoraji hulazimika kufikiria kerezo hata kabla ya kuchapa: aache chuma cha ziada panapohusika, na aweke mahali pa kukishikia na pa kuanzia kupima. Asiyewahi kusimama mbele ya kerezo atayajuaje hayo?

Hatusemi kwamba uvumbuzi huu hauna faida. Kampuni ya General Electric ya Marekani iliweza kuunganisha vipande vipatavyo 20 vya kipulizio cha mafuta cha injini ya ndege ya LEAP kuwa kipande kimoja kwa njia hiyo. Tunalosema ni kwamba mlango wa ufundi huo mpya unapitia karakana ya zamani.

Nchi hii ina funzo la kukumbuka. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, wazazi walichanga fedha kwa harambee ili wajenge karakana shuleni. Baadaye masomo mengi ya ufundi yalipunguzwa, na jasho la wazazi hao likapotea bure. Itakuwa aibu iwapo kosa hilo litarudiwa kwa sura mpya, yaani kununua mashine ya kuchapa ili wageni waonyeshwe, ilhali kerezo limefunikwa vumbi kwa kukosa mkanda au patasi ya kukatia.

Kwa hivyo, serikali za kaunti, ambazo chini ya Katiba ya 2010 zinasimamia vyuo vya ufundi vya vijijini, zianze kwa kukarabati mashine zilizopo na kuajiri walimu wanaoweza kuzitumia. Walimu nao wawazoeshe wanafunzi kusoma maikromita, kunoa patasi na kuheshimu michoro. Mwanafunzi aliyehitimu hayo atakapoletewa mashine ya kuchapa, ataipokea kama chombo kingine cha kazi, naye atajua la kufanya kipuri kikishatoka.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala huu mpya haupiti, umekuja kukaa. Lakini utatandikwa juu ya mbacha ule ule. Anayetaka kuukalia hana budi kwanza kuutunza wa chini.